Radhi Mubashara

Karatasi ya kuomba radhi ililetwa nyumbani kwa Mastura ikiwa imeshachapwa, imeshagongwa muhuri, na mahali pa kutia sahihi pamewekewa nukta nukta. Kilichokuwa kimebaki ni mdomo tu wa kuisoma, na huo ulikuwa wa Mastura mwenyewe.

Aliyeileta ni Zebedayo, mtendaji wa kijiji cha Mnazimkinda, mtu wa milimani kule Amani, ambaye baada ya miaka miwili ya kuishi pwani bado alikuwa akitembea mchangani kama anayevuka mto. Alikaribishwa akae, akakataa. Alisimama barazani, akavua kofia, akaivaa tena, kisha akamwamkia Bi Semeni, mama mkwe wa Mastura, aliyekuwa akipeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na simu ya mkaza mwanangu?"

"Simu ni kielelezo, mama. Iko polisi."

"Basi umekuja mikono mitupu," alisema Bi Semeni, akaendelea na ungo wake.

Hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu simu ya Mastura ichukuliwe. Ndani yake mlikuwa na video ya sekunde thelathini na nane. Ilionyesha sakafu ya saruji ya zahanati ya kijiji, kanga iliyolowa damu, na benchi la mbao. Kisha ilipanda hadi kwenye kioo cha dirisha la chumba kilichofungwa kufuli, na humo ndani kikaonekana kitanda kipya cha kujifungulia, kimevikwa nailoni kutoka kichwani hadi miguuni, na utepe mwekundu umefungwa kama zawadi ya harusi. Sauti ya Mastura ilisikika ikisema, "Kitanda kinamsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Mtoto wa wifi yangu hakuweza kumsubiri." Basi, ni hayo tu. Hakutukana mtu wala hakutaja jina. Aliituma kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wanaolima mwani, na kufika adhuhuri ilikuwa imeshafika Tanga mjini, Dar es Salaam, na kwa binamu yake aliyeko Muscat, ambaye alimrudishia akimuuliza kama ameiona.

Zebedayo alimkabidhi karatasi. Mastura aliisoma kimya huku midomo ikimchezacheza.

"Hapa pameandikwa kwamba video ilikuwa ya uongo."

"Ni lugha ya kiofisi tu, dada Mastura."

"Na hapa, kwamba wifi yangu hakujifungulia sakafuni. Alijifungulia wapi?"

"Hapajasemwa wapi. Pamesemwa tu kwamba si sakafuni." Zebedayo alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha. "Nisikilize, dada yangu. Wilayani wamekasirika. Kuna sheria ya mitandao, na mtu anaweza kufungwa. Mimi nimekutetea, wakakubali uombe radhi yaishe. Jumamosi, mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Atakuja afisa habari na kamera, itarushwa mubashara."

"Mubashara kwa nini? Si mngenirekodi hapa nyumbani?"

"Ya kurekodi watu watasema imekatwakatwa. Uongo ulienda kwa maelfu, na radhi iende kwa maelfu." Akateremka ngazi ya baraza, halafu akageuka, na maneno aliyoyaacha mwishoni ndiyo yaliyokuwa yamemleta. "Mkataba wa Masoud wa pampu ya maji unaisha mwezi huu. Barua ya kuongeza muda ninaiandika mimi. Nisingependa kuulizwa maswali."

*

Masoud, mume wa Mastura, alirudi jioni akinuka dizeli. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha pampu ya kisima cha kijiji, na watoto wake watatu walikuwa wakila, wakivaa na kusoma kwa pampu hiyo. Aliisoma karatasi mara moja, akaiweka kwenye mkeka.

"Isome tu."

"Nisome uongo?"

"Ni maneno, Mastura. Dakika mbili. Watu watasahau."

Samiha, mdogo wake Masoud, alikuwa pembeni ananyonyesha. Mtoto alikuwa na wiki mbili, mzima, mnene wa mashavu, anayenyonya kwa pupa. Samiha hakuinua macho.

"Kaka, mimi nilikuwa pale chini," alisema. "Nilikuwa nakiona kitanda kupitia kioo. Nilimwomba nesi Praxeda anifungulie, akalia. Ananizalisha na huku analia. Sasa wifi akisema sikuwa sakafuni, mimi nitakuwa nilikuwa wapi?"

"Nataka mpate chakula!" Masoud alipandisha sauti, kisha akaona haya mbele ya mama yake, akainuka kwenda kunawa.

Moyoni Mastura alikuwa akijua kwamba mumewe ana haki ya kuogopa, na hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa mkorofi. Hizo siku tisa zilikuwa zimeshamfundisha maana ya kuogopwa. Kundi lao la mwani lilikuwa na wanawake sitini na mmoja. Najat, mweka hazina, alimwambia kwamba wamebaki tisa. Mmoja mmoja walikuwa wamejitoa, wengine bila hata kuaga. Akiingia dukani, watu waliokuwa wakicheka na simu zao walizigeuza kifudifudi. Mwenye duka alimpimia sukari bila kumwangalia usoni. Nesi Praxeda alipokutana naye njiani alivuka upande wa pili, akajifanya anatoa jiwe kwenye kiatu. Na hawa ndio waliokuwa wakimtumia vidole gumba siku ya kwanza.

"Hiyo karatasi," Bi Semeni alisema ghafla, "inasema unamwomba radhi nani?"

Mastura aliitazama tena. "Serikali, na umma kwa ujumla."

Bi Semeni aliangua kicheko hadi akashika mbavu. "Ati umma kwa ujumla! We mwana, radhi gani hiyo isiyo na mwenyewe? Radhi unamwendea mtu. Unakaa mbele yake, unalitaja kosa lako lote, usibakize. Yeye anasema limemuuma wapi. Mkiafikiana, anakupa mkono, imekwisha. Hao wanataka uombe radhi kama unayetangaza mnada?"

"Mama, usimtie maneno," Masoud alisema kutoka mlangoni.

"Nimemtia nini? Kila mtu hapa anajua hivyo. Muulize hata mtoto wa chuo cha Kurani."

Ni kweli kila mtu alikuwa anajua. Pale Mnazimkinda mtu akisema hadharani kwamba anaomba radhi, waliopo humwitikia kwa neno moja, "Litaje," na asipolitaja kosa lake huhesabiwa kuwa amefanya mzaha. Asiyejua hivyo ni mtu wa kuja tu.

*

Ijumaa baada ya swala Mastura aliitwa ofisini kufanya mazoezi. Afisa habari alikuwa kijana aitwaye Bryson, shati limenyooshwa vizuri, viatu vyeupe ambavyo vumbi la Mnazimkinda lilikuwa limeshavifanyia kazi. Alikuwa na kamera, miguu mitatu ya kuisimamishia, na kipaza sauti cha kusimamisha mezani pamoja na spika zake.

"Mama, hiyo kanga ina rangi nyingi. Kesho vaa iliyopoa."

"Iliyopoa vipi?"

"Ya huzuni kidogo. Haya, soma."

Mastura alisoma.

"Unasoma kama unasoma risala. Inamisha kichwa. Hapo penye 'nimejutia' vuta pumzi. Hebu tena."

Alisoma tena. Alisoma mara sita. Mara ya nne Bryson alimshika bega na kumsogeza, kama anayesogeza meza, ili bendera ionekane nyuma yake. Wazee wawili waliokuja kuchukua barua zao walikaa wakatazama yote. Mastura alihisi masikio yanawaka. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, katibu wa kikundi, na hapa alikuwa akifundishwa kulia.

"Nimwangalie nani nikisoma?" aliuliza.

"Angalia kamera."

"Niliyemkosea ndiye kamera?"

Bryson alicheka, akadhani ni utani. "Ukiangalia kamera, kila mtu anaona unamwangalia yeye. Ndio uzuri wa teknolojia, mama."

Mastura alikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akihesabu: mkataba wa Masoud, ada ya mtoto mkubwa, faini asiyoijua ni kiasi gani, jela asiyoijua iko wapi. Hesabu ilikataa kila alipoifanya. Alifika nyumbani akamkuta Samiha amelala na mtoto kifuani, akakaa chini akawatazama mpaka ikaadhiniwa alasiri. Hakuwa amekata shauri lolote. Mtu asije akadanganywa kwamba mashujaa huamka wakijijua.

*

Jumamosi saa nne uwanja wa shule ulikuwa umejaa hadi kwenye magoli. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na wafanyakazi wa shamba la mkonge, ambao siku zote husimama, walikuwa wamekuja na viti. Meza kuu ilikuwa na Zebedayo, mwenyekiti wa kijiji mzee Suleimani, nesi Praxeda aliyeitwa aje kuthibitisha, na Bryson na mitambo yake. Kwa mbali, kule kisimani, ilisikika pampu ya Masoud ikitwanga. Alikuwa amekataa kuja. "Siwezi kukuona ukifanya vile," alisema asubuhi, "na siwezi kukwambia usifanye."

Bryson alibonyeza, taa nyekundu ikawaka. "Tuko mubashara. Watazamaji mia tatu… mia tano. Karibu mama."

Mastura alisimama na kanga yake ileile ya rangi nyingi. Iliyopoa hakuwa nayo. Alikunjua karatasi. Aliona nukta nukta, na juu yake jina lake likiwa limekosewa herufi. Akaona neno "si sakafuni". Akafungua kinywa.

"Ndugu zangu, naomba radhi."

Na kabla hajavuta pumzi aliyofundishwa, kutoka kwenye mkusanyiko mzima, wazee kwa watoto, wanaume kwa wanawake, kwa mazoea tu, bila mtu kupanga wala kufikiri, likatoka neno:

"Litaje!"

Zebedayo alishtuka. Bryson alitabasamu, akadhani wamefurahi.

Watu walikuwa wakisubiri. Hawakuwa wakisubiri karatasi. Walikuwa wakisubiri kosa. Na kosa, kila Mastura alipolitafuta, hakulijua kwa jina lingine isipokuwa lile alilolisema mwanzo. Hapo ndipo alipoona njia, nyeupe kabisa. Akaikunja karatasi, akaiweka mezani mbele ya Zebedayo, kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Nalitaja," alisema. "Nilisema wifi yangu Samiha alijifungulia sakafuni. Kama nimemsingizia mtu, asimame aniambie nimemkosea, nimwangukie miguuni sasa hivi."

Hakuna aliyesimama.

"Nilisema kitanda cha kujifungulia kipo, kizima, kimefungiwa chumbani na utepe. Kama hakipo, mwenye ufunguo asimame aseme nimemkosea."

Zebedayo alitazama meza. Mkono wake, pasipo yeye kutaka, ulienda mfukoni ukabaki humo humo.

"Nilisema kinamsubiri mgeni rasmi. Kama hakimsubiri mgeni, naomba niambiwe kinamsubiri nani."

Hapo mtu wa mkonge mmoja alicheka kwa sauti, na kicheko kikasambaa viti kwa viti. Bryson alikuwa amekwisha kuelewa. Alimsogelea Zebedayo akamnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na dunia nzima ikasikia: "Nikate? Nikate? Wamefika elfu nne."

"Usikate!" wanawake wa mwani walisema kwa pamoja, wote, wale tisa na wale waliokuwa wamejitoa.

"Nesi Praxeda," Mastura alisema, na safari hii sauti ilimtetemeka, kwa sababu huyu alikuwa akimpenda. "Wewe ulikuwepo. Karatasi inasema nilidanganya. Kama nilidanganya, nimekukosea wewe kuliko wote. Niambie, nikuombe radhi."

Praxeda alikuwa mwanamke mpole aliyetoka mbali kuja kufanya kazi pale, asiye na ndugu wala wa kumtetea. Akasimama polepole, akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Hukunikosea," alisema. "Hukudanganya. Nilimzalishia pale chini, nikamfunika kwa koti langu. Tangu kitanda kije, kina mama kumi na mmoja nimewazalishia pale chini. Nimeandika barua tatu." Machozi yalimtoka, lakini aliendelea kusimama. "Mimi ndiye ninayetaka kuomba radhi kwa kunyamaza."

Kelele zilizozuka hapo zilisikika hadi baharini. Katikati ya kelele hizo watu walianza kugeuza shingo, mmoja mmoja, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimepungua hewani. Pampu ilikuwa imezimwa. Katika miaka sita Masoud hakuwahi kuizima saa za kazi. Akatokea upande wa darasa la nne, mikono myeusi kwa oili, simu ya mtu fulani mkononi ambayo alikuwa akiitazamia matangazo, akapita katikati ya watu moja kwa moja, akasimama kando ya mkewe. Alikuwa akihema. Mastura alimtazama, akatamani kumcheka na kumkumbatia, na kwa kuwa mbele za watu hakuna kati ya hayo linalofaa, alimfuta oili shavuni kwa pindo la kanga.

Simu ya Bryson iliita. Aliangalia jina, akasimama wima kama askari. "Ndiyo mkuu… Ndiyo, mubashara… Hapana mkuu, sijakata… Elfu tisa." Akasikiliza kwa muda mrefu, rangi ikimrudi taratibu. Kisha akafunika simu kwa kiganja, akamwambia Zebedayo, na kipaza sauti kile kile kikalichukua neno lote: "Wanasema tusikate, tukikata ndiyo tutaonekana tumeficha. Wanasema chumba kifunguliwe. Wanasema kiwe kimefunguliwa leo leo, na ionekane kwamba ilikuwa imepangwa."

Mzee Suleimani, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema hata salamu, aliegemea kipaza sauti. "Basi tumeshaiona ilivyopangwa," alisema. "Twendeni."

*

Uwanja mzima ulielekea zahanati kwa miguu, vigelegele mbele, Bryson akikimbia kinyumenyume na kamera yake, viatu vyake havitambuliki tena. Bi Semeni alikuwa ameshika mkono wa Samiha na Samiha amembeba mtoto. Zebedayo alitoa bunda la funguo mfukoni, akajaribu wa kwanza, ukakataa, wa pili, ukakataa, jasho likamtiririka. "Polepole, mwanangu," Bi Semeni alimwambia, "hatuna haraka, tumeshazoea." Ufunguo wa tano ukakubali.

Praxeda hakusubiri mkasi. Alivuta utepe kwa mkono, akaichana nailoni kwa kucha, na vumbi la miezi saba likapaa likaangukia wote waliokuwa mlangoni. Kitanda kilikuwa cha bluu, kikubwa, chenye magurudumu. Samiha alikisogelea, akakigusa godoro kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja kizima. Mastura alilia hapo. Hakuinamisha kichwa na wala hakuvuta pumzi.

Najat alimpenyezea simu yake kwapani. Kundi la mwani lilikuwa likirudisha watu: kumi na tano, ishirini na nane, arobaini. Baadhi waliingia wakiomba samahani, wengine waliingia kimya kimya kama ambao hawakuwahi kutoka, na Mastura aliwapokea wote, ingawa wale wa kimya kimya aliwawekea kinyongo kidogo cha siku mbili tatu, naye ni binadamu.

Watu walipoanza kutawanyika, Zebedayo alibaki mlangoni na bunda lake. Alionekana amechoka na, kwa mtu aliyemtazama vizuri, ametua mzigo. Lakini mazoea ni mazoea.

"Haya jamani, mmeona. Tokeni sasa, nifunge mlango mpaka tupate maelekezo ya matumizi."

Wote walikuwa wakimtazama Anjela, mke wa mkata mkonge mmoja, mwenye mimba iliyotimia, ambaye wakati wote wa vurumai alikuwa amepanda kitandani pole pole, akavua kandambili, akajilaza chali na kukunja mikono juu ya tumbo.

"Mama, una uchungu?" Praxeda alimuuliza kwa hofu.

"Sina, nesi. Labda wiki ijayo." Anjela alijiweka sawa kwenye godoro, akamgeukia Zebedayo. "Funga tu, mtendaji. Funga na mimi nimo."

Zebedayo aliliangalia lile tumbo. Akaiangalia kamera ya Bryson, ambayo taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Halafu akautoa ufunguo wa tano kwenye bunda, akahangaika nao kidogo kwa sababu pete ilikuwa ngumu, akauweka mkononi mwa nesi Praxeda.